Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi na mtoto mdogo: funga mzigo kwa ajili ya usiku ambao hukuupanga

Tangu shule zifungwe mwanzoni mwa mwezi huu wa saba, vituo vya mabasi mjini Lubumbashi havipumui. Alfajiri familia zinapanga mstari na valizi, magunia ya unga, madumu ya mafuta na watoto waliolala mabegani. Wengine wanaelekea Likasi na Kolwezi, wengine Kasumbalesa, wengine wanatafuta namna ya kufika Kalemie kando ya ziwa Tanganyika. Vakansi kubwa itaendelea hadi mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na kwa familia nyingi huu ndio wakati pekee wa mwaka wa kumpeleka mtoto kwa nkambo wake.

Ukitazama mizigo hiyo vizuri utaona jambo moja: mara nyingi valizi ya mtoto ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosukumwa mbali kabisa, chini ya basi. Mimi pia nilifanya hivyo. Nasimulia hapa yaliyonipata kwa sababu yanaweza kumpata mzazi yeyote anayepanda basi wiki hii.

Valizi nzuri, mahali pabaya

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa saba pia, nilikuwa ninampeleka mtoto wangu wa kiume kwa mama yangu Kolwezi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Safari ni ya kilomita kama 300 kwa barabara ile inayopita Likasi na Fungurume, pamoja na malori yote ya shaba.

Siku mbili nzima nilikuwa nikipanga valizi yake. Niliweka nguo nane za kutokea, viatu jozi tatu, toyi, zawadi za shangazi zake na triko mpya. Dawa niliziweka humo humo, katika mfuko wa pembeni, pamoja na kadi yake ya chanjo, kwa kuogopa zisipotee. Nilijiona mama mwenye akili. Mkononi nilibaki na mkoba mdogo wenye simu, pesa, biskuti, chupa ndogo ya maji na Pampers mbili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: asubuhi tunaondoka, jioni tunakula bukari kwa mama.

Basi lililopaswa kuondoka asubuhi mapema liliondoka jua likiwa utosini. Tulikuwa tumeiacha Likasi nyuma na jua linazama lilipokufa. Msaidizi wa dereva alituambia ni kitu kidogo tu. Kitu hicho kidogo kilituweka kando ya barabara hadi asubuhi.

Giza lilipoingia, baridi iliingia nalo. Mtoto alikuwa na fulana ya mikono mifupi, kwa sababu mchana kulikuwa na joto. Akaanza kutapika, kisha kuharisha. Pampers mbili ziliisha kabla abiria hawajamaliza kuulizana tutaondoka saa ngapi. Nilipomgusa shingoni, alikuwa moto.

Nikamwendea dereva. «Papa, nakuomba unifungulie chini, dawa za mtoto ziko ndani ya valizi.» Akanijibu kwa upole kwamba valizi yangu iko nyuma ya magunia ya watu wote, na kuyashusha gizani, kando ya barabara ya malori, ni kutafuta hatari nyingine. Hakukosea. Dawa zilikuwa chini ya miguu yangu, lakini ni kama nilikuwa nimeziacha Lubumbashi.

Aliyetusaidia ni mama mmoja mzee aliyeketi nyuma yangu. «Mwanangu, lete mtoto», akasema. Alifungua kikapu chake. Ndani mlikuwa na termosi ya maji ya moto, chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi iliyofungwa katika karatasi, kijiko, vikwembe viwili na blanketi. Hakuwa anasafiri na mtoto. Alikuwa tu ameizoea njia ile.

Alimfunika mtoto, akapima sukari na chumvi kwa kijiko, akavitia katika ile chupa ya lita moja na kuitikisa. Akanipa kijiko: mpe kimoja, ngoja, mpe kingine. Akitapika, ngoja kidogo, kisha uanze tena polepole. Nilihesabu vijiko hadi nikapoteza hesabu.

Kulipokucha, pikipiki ilitupeleka kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu. Kipimo kilionyesha malaria. Muuguzi aliniuliza maswali matatu: mtoto ana kilo ngapi, amepata chanjo gani, na tangu jana amekunywa dawa gani. Majibu ya maswali mawili ya kwanza yalikuwa ndani ya valizi. Alitibiwa, akapona, na leo anakimbia kunishinda. Lakini muuguzi yule hakunificha: mtoto wa umri ule anayetapika na kuharisha usiku mzima bila kupewa chochote cha kunywa anaweza kufika asubuhi akiwa katika hali mbaya sana.

Nilichojifunza ni hiki: usifunge mzigo wa mtoto kwa ajili ya safari iliyoandikwa kwenye tikiti. Ufunge kwa ajili ya usiku ambao hukuupanga.

Mifuko miwili, si mmoja

Ugawe mzigo wa mtoto mara mbili. Valizi ichukue vitu vya kutumia baada ya kufika: nguo za kutokea, viatu vya akiba, zawadi. Hiyo inaweza kwenda chini au juu ya basi, na ikichelewa siku mbili, mtoto hatapata shida.

Mfuko wa pili ni wa saa 24. Huo unakaa miguuni pako au mapajani, hata msaidizi wa dereva akisema unaziba njia. Mweleze kwa heshima: «Yaya, huu ni wa dawa za mtoto, siuachi.» Wengi wataelewa. Mfuko wa mgongoni unafaa kuliko mkoba wa begani, kwa sababu unakuachia mikono miwili ya kumbeba mtoto.

Ndani ya mfuko huo kuwe na maji, chakula kikavu, dawa, karatasi, nguo mbili kamili za kubadilisha, triko, kofia na soksi, kikwembe kimoja au viwili, sabuni, kitambaa cha kufutia, mifuko ya plastiki ya kutia vilivyochafuka, na tochi ndogo. Kama mtoto wako anatumia Pampers, hesabu zile anazotumia kwa siku moja, kisha zidisha mara mbili. Mama anayetumia vitambaa afanye hesabu ile ile.

Halafu ujaribu ukiwa nyumbani. Keti kitini usiku, zima taa, mpakate mtoto, na utafute dawa ya joto kwa mkono mmoja. Ukishindwa, mfuko haujapangwa vizuri. Dawa zikae mfuko wa mbele, maji pembeni, nguo chini.

Baridi ya mwezi wa saba

Kwa watu wa nchi nyingine, vakansi za mwezi wa saba ni za joto na kofia za jua. Kwetu Katanga ni tofauti. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1.200, na Kolwezi iko juu zaidi. Katika mwezi wa sita na wa saba mchana ni wa jua na vumbi, lakini usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto anayeondoka nyumbani mchana na fulana anaweza kuwa anatetemeka baada ya saa chache.

Nguo nyepesi kadhaa zinafaa kuliko moja nzito. Fulana, juu yake shati la mikono mirefu, juu yake triko. Unavua na kuvalisha kwa kadiri ya hali ya hewa. Kofia na soksi zisikose, kwa sababu mtoto mdogo hupoteza joto haraka. Kikwembe hufanya kazi nyingi: ni blanketi, ni kitanda, ni pazia la kunyonyesha, ni kamba ya kumbebea mgongoni na ni kinga ya vumbi dirishani. Vumbi la barabara huwasumbua hasa watoto wenye kikohozi.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mtoto mwenye homa asifunikwe nguo nyingi hata kama nje kuna baridi; mpunguzie, umwachie nguo nyepesi na kifuniko kimoja. Pili, mkifika kwa wenyeji, msikubali mbabula yenye makaa iachwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa inayotoka kwenye makaa haionekani na haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Chumba kipashwe joto kwa blanketi, na mbabula ibaki nje.

Maji na chakula cha njiani

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji wala uji. Maziwa ya mama yanatosha, hata safarini. Anayehitaji maji mengi ni mama, ili aendelee kunyonyesha. Mtoto anayetumia maziwa ya unga atengenezewe chupa wakati wa kunywa. Beba unga mkavu uliopimwa na termosi ya maji yaliyochemka, na usitunze maziwa yaliyokwisha kuchanganywa kwa saa nyingi.

Kwa watoto wakubwa kidogo, beba maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, kwa kadiri ya siku nzima na usiku wake. Chakula kiwe kile kisichoharibika haraka: ndizi mbivu, mkate, biskuti, viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi hiyo. Mayai ya kuchemsha yaliwe mapema. Uji uliopikwa asubuhi na kubaki vuguvugu hadi jioni ni hatari, hata kama haujabadilika harufu.

Njiani kuna vishawishi. Basi likisimama tu, madirisha yanajaa vitumbula, mahindi ya kuchoma, karanga na munkoyo. Mtu mzima anaweza kuonja. Lakini kinywaji ambacho hujui maji yake yalitoka wapi si cha mtoto mdogo. Karanga nzima pia zisimfikie mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa gari likiwa linatembea: moja inaweza kumkwama kooni. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Sabuni isisahaulike. Ukimsafisha mtoto aliyeharisha, kisha ukamshikia mkate kwa mikono hiyo hiyo, ugonjwa unarudi ulikotoka.

Dawa: chache, zenye maelezo

Huhitaji kubeba farmasi nzima. Siku mbili au tatu kabla ya safari, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, apimwe kilo, na umwombe muuguzi akuandikie kwenye karatasi kiasi cha paracetamol kinachomfaa na kila baada ya saa ngapi. Kipimo cha dawa hiyo hufuata kilo za mtoto. «Kijiko kimoja» kinachofaa kwa mtoto wa jirani kinaweza kuwa kingi au kidogo kwa wako. Kumbuka pia kwamba paracetamol hushusha joto, haitibu malaria.

Cha pili ni pakiti za chumvi na sukari za kunywa wakati wa kuhara, zile zinazoitwa SRO. Beba tatu au nne. Ni nyepesi na hupatikana kwa urahisi. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa, mara nyingi ni lita moja, na usikisie. Kwa hiyo uwe na chupa ambayo ujazo wake unaujua. Maji hayo yakikaa zaidi ya saa 24 yamwagwe.

Kama huna pakiti, ule ujuzi wa mama mzee una vipimo vyake: katika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kilima. Chumvi isizidi hata kidogo, kwani ikizidi hudhuru. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri kama dakika kumi, kisha uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kwenye kituo cha afya wataongeza vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Kama mtoto ana dawa ya kila siku, kwa mfano ya kifafa, pumu au ugonjwa wa sickle cell, beba ya siku nyingi kuliko utakazokaa, na yote iwe mfuko wa mkononi. Mtoto mwenye sickle cell apewe ulinzi wa pekee: baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali.

Kuna dalili ambazo hazingojei basi litengenezwe: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea au haamki. Hapo tafuta pikipiki au gari lolote linaloelekea kwenye kituo cha afya. Homa yoyote safarini ipimwe malaria mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Karatasi zake

Karatasi za mtoto ni sehemu ya mzigo wake. Beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake, na kadi ya chanjo yenye kilo zake. Piga pia picha ya kila karatasi kwenye simu, na umtumie mtu aliyebaki nyumbani.

Wazazi ambao bado hawajamwandikisha mtoto wakumbuke kwamba sheria ya nchi yetu inawapa siku 90 tangu kuzaliwa kumtangaza kwa ofisa wa serikali bila malipo. Wengi hukumbuka cheti siku wanapotakiwa kukionyesha mpakani, na siku hiyo mambo huwa magumu.

Wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia wajue kwamba mtoto naye anahitaji karatasi zake za safari. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano huombwa. Kwetu chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi tisa, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinakubaliwa kwa maisha yote. Mtoto anayesafiri na mjomba, shangazi au nkambo awe na ruhusa iliyoandikwa na wazazi. Kaulizeni ofisi ya uhamiaji, DGM, kabla ya kununua tikiti. Ruhusa hiyo inamlinda mtoto: ofisa anayeuliza «huyu ni wa nani?» anaweza kuwa ndiye anayezuia mtoto kuibwa.

Wanaoshuka ziwani

Anayekwenda Kalemie au Moba anaondoka kwenye baridi na kufika kwenye joto. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 tu, na mbu wake hawana vakansi. Huko kitu cha kwanza ni chandarua chenye dawa. Kibebe chako mwenyewe, pamoja na kamba na misumari michache, kwa sababu wenyeji wanaweza kuwa na kitanda cha wageni lakini wasiwe na chandarua cha ziada. Kipindupindu pia hurudi mara kwa mara maeneo ya ziwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na samaki aliwe akiwa ameiva na wa moto.

Kama mtapanda boti, uliza jaketi la kuokoa maisha la kimo cha mtoto kabla ya kulipa. La mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Kama halipo, au boti imejaa kupita kiasi, kubali kulala pale na kungoja nyingine.

Cha kuacha nyumbani

Mzigo ukizidi, kitu cha lazima hakipatikani. Acha nguo nyingi za kutokea. Maji na sabuni vipo pia kwa nkambo. Acha dhahabu na vitu vya thamani shingoni mwa mtoto. Acha toyi kubwa. Kimoja anachokipenda usiku kinatosha. Na ukiweza, acha safari ya usiku. Tikiti ya asubuhi mapema haizuii gari kufa, lakini inakupa saa nyingi za mwanga za kutafuta msaada.

Wiki ijayo nitapanda tena basi la Kolwezi na mwanangu. Valizi yake ni ndogo mara hii. Mfuko wa miguuni ndio mzito: termosi, chupa ya lita moja, pakiti nne za SRO, kijiko, kadi ya chanjo na vikwembe viwili. Mtoto wangu anahitaji kimoja tu. Cha pili nakibeba kwa sababu katika basi lolote kuna mama ambaye, kama mimi mwaka ule, ameweka dawa mahali pabaya.